Nyumba ya Mama Iandikwe Jina la Nani?

Andiko la msingi: Luka 15:11–32. Soma pia: Mwanzo 27, Hesabu 27:1–11, Yohana 19:23–27.



Jumapili iliyopita Neno lilitoka Luka 15, habari ya mwana mpotevu. Habari hii tunaijua wote. Tunamjua kijana aliyetamani chakula cha nguruwe, tunamjua baba aliyekimbia kumlaki, tunamjua kaka mkubwa aliyenuna nje akakataa kuingia kwenye sherehe. Lakini kuna jambo katika mstari wa 12 ambalo mara nyingi tunalipita mbio. Aliyeomba ni yule mdogo, lakini baba aligawia wote wawili. Yaani mali ilitoka kwa baba ikaenda kwa watoto, na mzee bado yuko hai, bado ana nguvu zake.

Wengi tukisikia hivyo tunasema, "Basi, baba mzuri ndiye huyo. Anagawa mapema." Mimi nataka tutulie hapo kidogo, kwa sababu swali hili liko ndani ya nyumba zetu sasa hivi. Wazazi wetu wengi hapa kanisani wamevuka miaka 60 au 70. Walinunua ploti miaka ile ardhi ilikuwa rahisi, wakajenga polepole, chumba kimoja kwa wakati. Leo watoto wamekuwa watu wazima, na swali limefika mezani: hatimiliki ihamishwe sasa, au ingoje?

Mama mmoja mjane aliniletea swali hilo. Kijana wake wa kwanza ameokoka, ana bidii, na ndiye anayemnunulia dawa za presha kila mwezi. Kijana huyo amemwomba ahamishe nyumba iwe kwa jina lake. Sababu zake si mbaya. Anataka kuepusha kesi ya mirathi siku mama akienda na Bwana. Tena anataka kujenga vyumba vya kukodisha upande wa nyuma, na benki haiwezi kumpa mkopo kwa ploti isiyo yake. Akamwambia, "Mama, si itabaki tu kuwa nyumba yako?"

Huyu mama hakuniuliza mambo ya sheria. Aliniuliza hivi: "Pasta, nikikataa, si nitakuwa nimesema simwamini mtoto wangu? Na mtoto niliyemlea kwa maombi nikisema simwamini, si ni kama kusema simwamini Mungu?"

Hilo ni swali zito, na mtu anaweza kulijibu haraka akaharibu maisha ya watu. Hebu tulipitie pamoja.

KINACHOHAMA NI NINI?

Kabla ya kuitwa kwenye huduma nilisomea biashara, na somo moja limenisaidia sana nikikaa na familia. Kumiliki kitu si jambo moja. Ni mzigo wa haki nyingi zilizofungwa pamoja kama kuni. Kuna haki ya kukaa. Kuna haki ya kula matunda yake, iwe ni kodi ya wapangaji au mahindi ya shamba. Kuna haki ya kuuza au kuiweka dhamana ya mkopo. Na kuna haki ya kuamua itamwendea nani ukifa.

Sasa angalia familia ya yule mama. Mama akisema "nampa kijana nyumba," moyoni anafikiria ule ukuni wa mwisho: nikifa, iwe yake. Kijana akisema "nipe nyumba," anafikiria ule wa tatu: nipeleke benki. Na ule wa kwanza, wa kukaa, hakuna hata mmoja anayeutaja, kwa sababu wote wawili wanaona ni jambo lililo wazi. Lakini fomu ya uhamisho ikishatiwa sahihi na kusajiliwa, bila neno lingine lolote ndani yake, hauhami ukuni mmoja. Unahama mzigo mzima.

Hapa Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema wazi kwamba korti itachukua jina lililo kwenye hatimiliki kuwa ndilo la mwenye mali. Kulitoa jina hilo si kazi ndogo. Ni lazima uthibitishe mambo kama ulaghai, au kwamba hati ilipatikana kinyume cha sheria. Kusema "lakini tulikuwa tumeelewana" ni mwanzo wa safari ndefu ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mama wa miaka 70 hana miguu ya safari hiyo.

Kwa hivyo kijana aliposema itabaki kuwa nyumba ya mama, hakudanganya. Alisema ukweli ulio moyoni mwake. Tatizo ni kwamba benki haisomi moyo. Inasoma daftari la ardhi.

HATA MTOTO MWEMA

Tukizungumza habari hii, watu hukimbilia mifano ya watoto wabaya. Yule aliyeuza nyumba akamwacha mzee barabarani. Yule aliyeoa, halafu mkaza mwana akamfukuza mama mkwe. Mifano hiyo ipo. Lakini nataka tuiweke kando, kwa sababu inatufanya tudhani kwamba swali ni la tabia tu. Tuseme kijana ni mwema kabisa. Tuseme anampenda mama yake kuliko sisi sote tunavyowapenda wetu.

Mtoto mwema anaweza kufa. Tumezika vijana hapa, tunajua. Akifa bila wosia na nyumba ya mama iko kwa jina lake, nyumba hiyo ni sehemu ya mirathi yake. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, mjane wake na watoto wake ndio wa kwanza kuangaliwa. Mama anaweza kwenda kortini kuomba atambuliwe kuwa alikuwa akimtegemea marehemu, lakini ona sasa: mama anaomba kukaa katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Mtoto mwema anaweza kuchukua mkopo kwa nia njema, biashara ikakwama, na dalali akaja na tangazo la mnada. Mtoto mwema anaweza kupata shida kwenye ndoa yake, na nyumba ya mama ikawa sehemu ya mabishano ya mali. Katika mambo haya yote mtoto hakumsaliti mama. Maisha ndiyo yaliyoingia mlangoni, na mlango ulikuwa kwa jina la mtoto.

Ndiyo maana nilimwambia yule mama kwamba swali halikuwa "namwamini mtoto wangu?" Ukihamisha nyumba unawaamini pia benki yake, ndoa yake, afya yake na biashara yake. Hakuna andiko linalokulazimisha kuamini hayo yote ili uonekane una imani.

Soma Yohana 2:24–25. Watu wengi walikuwa wameamini jina la Yesu, lakini Yeye hakujikabidhi kwao, kwa sababu aliyajua yaliyo ndani ya mwanadamu. Na bado hao ndio aliokuja kuwafia. Kumbe inawezekana kumpenda mtu kabisa, na usiweke kila kitu mikononi mwake. Hivyo viwili havigombani.

LAKINI KUSHIKILIA PIA KUNA DHAMBI YAKE

Wazazi, msinipigie makofi mapema. Kuna upande wa pili.

Kuna mzazi anayeficha hatimiliki chini ya godoro, si kwa sababu anahitaji paa, bali kwa sababu karatasi ile ndiyo hatamu yake. Kijana ana miaka 45, ana watoto wa sekondari, lakini hawezi kupanda mti bila kuomba ruhusa. Kila wakikosana kidogo, mzee anasema, "Nitakutoa kwenye urithi." Huo si ulinzi. Huo ni utawala, na Waefeso 6:4 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao.

Tena kuna kuchelewa ambako kunaitwa busara lakini ni woga. Mzee hataki kuandika wosia kwa sababu anaona ni kama kujiitia kifo. Anakufa, na shamba linabaki kwa jina lake miaka na miaka. Wengine hapa mnaishi kwenye ardhi ambayo bado iko kwa jina la babu. Hamuwezi kuuza, hamuwezi kukopa, na kila matanga ni vita vipya. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Biblia haiogopi kugawa mapema. Ibrahimu, katika Mwanzo 25:5–6, alipanga mambo yake angali hai: Isaka alipewa yake, na wale wana wengine wakapewa zawadi zao, ili wasije wakagongana baadaye. Daudi katika 1 Wafalme 1 alikuwa amechelewa kutamka wazi nani atakayekalia kiti. Adonia akajitangaza mfalme, karamu ikaanza, na mzee ilibidi amtawaze Sulemani siku hiyo hiyo akiwa kitandani. Kunyamaza kwa mzazi si jambo dogo. Panapokosekana neno la mzazi, mwenye sauti kubwa ndiye anayejiandikia urithi.

Kwa hivyo hatuwezi kusema kutoa ni imani na kushikilia ni kukosa imani. Wala hatuwezi kusema kushikilia ni hekima na kutoa ni ujinga. Ni lazima tuulize unatoaje, na unashikilia kwa ajili gani.

SHARTI LA KULINDA NA SHARTI LA KUTAWALA

Hapa mtu ananiuliza: "Pasta, kama ni zawadi, mbona iwe na masharti? Zawadi yenye masharti si ni biashara?"

Turudi kwa Luka 15. Baba aligawa mali. Lakini mdogo aliporudi, nani aliyeamuru kanzu iletwe? Nani aliyesema ndama achinjwe? Ni baba. Na katika mstari wa 31 anamwambia yule mkubwa kwamba vyote alivyo navyo ni vya huyo mwana. Sasa ndama alikuwa wa nani? Kama kila kitu kilikuwa kimeshagawanywa, mbona baba bado anaamuru?

Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo, inatusaidia. Wayahudi walikuwa na njia ya baba kumwandikia mwanawe mali angali hai, lakini mwana aipokee mikononi baba akishakufa. Katika mpango huo baba hawezi kuuza apendavyo, kwa sababu imeshaandikwa kwa mwana. Wala mwana hawezi kuuza na kumtoa baba, kwa sababu matumizi bado ni ya baba. Mmoja ana kesho ya mali, mwingine ana leo yake. Ukiisoma Luka 15 ukijua hilo, unaona kosa la mdogo likiwa zito zaidi. Hakuomba kesho yake tu. Aliomba na leo ya baba yake, akaikusanya akaondoka nayo.

Na usidhani hayo ni mambo ya zamani tu. Sheria yetu ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, ina umbo kama hilo hilo. Mwanamume akifa bila wosia akaacha mke mmoja na watoto, mke anapata vyombo vya nyumbani kabisa, na mali iliyobaki anapata haki ya kuitumia maisha yake yote. Watoto wanangoja, na baadaye wanagawana sawa. Yaani hata sheria ya nchi iliona kwamba mama asigeuzwe mpangaji wa watoto wake.

Sasa jibu langu kuhusu masharti ni hili. Kuna sharti linalolinda maisha ya anayetoa, na kuna sharti linalotawala maisha ya anayepokea. "Nyumba ni yako, lakini nitakaa humu hadi Bwana aniite, na hautaiweka dhamana bila mimi kutia sahihi." Hilo ni la kulinda. Halimpunguzii mtoto utu wake wala haliifanyi zawadi iwe bei. "Nyumba ni yako, lakini usimwoe yule msichana wa kabila lile, na kila Jumapili uje kunisalimia kwanza." Hilo ni la kutawala. Hapo hujatoa nyumba, umenunua mtu.

Mzazi, chunguza masharti yako kwa kipimo hicho. Na wewe mtoto, ukisikia mama anataka haki yake ya kukaa iandikwe, usiseme ameshauriwa vibaya na watu wa kanisa. Kama kweli nyumba itabaki kuwa yake, unapoteza nini ikiandikwa?

ISAKA GIZANI

Mwanzo 27 ni sura inayotisha kwa mtu anayeshughulika na wazee. Isaka amezeeka, macho hayaoni. Anasikia sauti ya Yakobo, anapapasa mikono yenye manyoya, ana shaka, anauliza mara mbili, na mwishowe anabariki. Baraka ikatoka kwa mkono wa mtu asiyejua amemwekea nani kichwani. Kilichofuata ni Esau kulia kwa sauti kubwa, na ndugu wawili kuishi mbalimbali miaka mingi.

Leo Isaka ni mzee asiyejua kusoma Kiingereza, anayewekewa karatasi mbele na kuambiwa, "Baba, tia kidole hapa, ni ya mambo ya stima." Leo Isaka ni mama aliyetoka hospitali, bado ana dawa mwilini, akapelekwa moja kwa moja kwa wakili aliyechaguliwa na kijana mmoja huku wengine hawajui. Hata kama huyo kijana alikuwa na haki ya kupata, amepata gizani. Na kitu kilichopatikana gizani hakikosi kuleta uchungu.

Kwa hivyo nina swali rahisi kwa kila mpango wa nyumba: unaweza kufanywa mbele ya watoto wote? Kama jibu ni "hapana, huyu akijua ataleta fujo," basi ujue fujo ipo bado, umeiahirisha tu hadi siku ya mazishi.

Nikisema watoto wote, nasema na mabinti. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mkutano wote wakadai fungu la baba yao, na Mungu mwenyewe akasema wana haki. Hiyo ni Hesabu 27. Hapa kwetu, mzazi akifa bila wosia, sheria inawagawia watoto sawa bila kuuliza nani ameolewa. Mwaka 2005, Mahakama ya Rufaa ikiketi Eldoret ilikataa hoja ya kwamba mabinti wapate kidogo kwa sababu wataolewa. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika mila za ardhi. Ndugu, tusiwe kanisa linalonena kwa lugha mpya na kugawa ardhi kwa macho ya zamani.

Jambo lingine: ukimpa mtoto mmoja nyumba ungali hai, halafu ukafa bila wosia, sheria inataka zawadi hiyo ihesabiwe wakati wa kugawa kilichobaki. Kwa hivyo usimpe kimyakimya ukidhani haitaonekana. Itaonekana, na wewe hutakuwepo kueleza.

KUTUNZA WAZAZI SI BEI YA NYUMBA

Kuna mpango mmoja unaoonekana mzuri lakini una mtego. Mzazi anasema, "Atakayenitunza ndiye nitakayempa nyumba." Au mtoto anasema, "Niandikie nyumba, na mimi nitakutunza."

Amri ya kuwaheshimu wazazi haikutolewa kwa mtoto mmoja mwenye hatimiliki. Ni ya wote. Ukiigeuza kuwa mkataba, yule aliyepata nyumba anatunza kama anayelipa deni, na wale wengine wanasema, "Si wewe uliyepewa? Mtunze." Yesu katika Marko 7 aliwakemea watu waliotumia neno takatifu, korbani, kuwanyima wazazi wao msaada. Siku hizi hatusemi korbani. Tunasema, "Mimi sikupewa ploti."

Lakini pia tuseme ukweli. Katika familia nyingi kuna mmoja aliyebaki. Mara nyingi ni binti. Wengine walienda Nairobi, wengine Ghuba, wengine Marekani, wakawa wanatuma pesa kwa simu, na Mungu awabariki. Yeye alibaki akimwosha mama, akilala akisikiliza pumzi yake usiku, akaacha kazi au ndoa ikachelewa. Kugawa sawa kwa futi hapo huenda kusiwe haki. Mzazi akitaka kumpa huyo zaidi, mimi siwezi kumwambia anakosea. Namwomba mambo mawili tu: aseme wazi mbele ya wengine kwamba anampa na kwa nini, na aseme kama shukrani kwa yaliyotendwa, si kama mshahara wa yatakayofuata.

MAMBO YA KUFANYA

Najua wengine mtaniuliza mlangoni, kwa hivyo nayaweka hapa.

Kwanza, angalia nyumba iko kwa jina la nani leo. Kama iko kwa jina la mume aliyefariki, mama hawezi kuihamisha bila kupitia mirathi kortini. Kama mume au mke yuko hai na ndiyo nyumba ya ndoa, ni lazima akubali. Kama ni shamba la kilimo, ni lazima kupata kibali cha bodi ya ardhi, hata kama unampa mtoto bure.

Pili, jua gharama. Ushuru wa stempu kwa kawaida ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani. Nyumba ya mjini ya shilingi milioni 5 ni shilingi 200,000, kabla ya wakili na mthamini. Ulizeni kama kuna msamaha unaowafaa.

Tatu, kuna njia zaidi ya moja. Wosia ulioandikwa na kushuhudiwa na watu wawili unaweza kuubadilisha ukiwa na akili timamu, na nyumba inabaki yako hadi mwisho. Kuna kuhamisha huku haki yako ya kukaa ikiandikwa na kusajiliwa. Kuna kuweka mali chini ya amana ya familia. Kuna kuongeza jina la mtoto, lakini hapo muwe macho. Wengi hudhani mkiwa majina mawili, mmoja akifa nyumba inamwendea mwenzake moja kwa moja. Tangu sheria ya 2012, mpango huo ni wa mume na mke. Kwa mzazi na mtoto unahitaji ruhusa ya korti. Bila hiyo, kila mmoja ana fungu lake, na fungu la aliyekufa linapitia mirathi.

Nne, mzazi awe na wakili wake mwenyewe, asiyelipwa na mtoto, na amweleze kwa lugha anayoielewa. Na sisi wachungaji tuombe na familia, tusikilize, lakini tusigeuke mawakili. Tena tusitie sahihi ya ushahidi mahali ambapo kanisa lenyewe lina faida.

Yule mama hakukataa, na hakuhamisha. Aliwaita watoto wake wote wanne. Walichokubaliana ni chao. Lakini nilifurahi kwamba kijana aliposikia neno "bado" hakukasirika, wala dawa za presha hazikukoma mwezi uliofuata. Mtoto anayeweza kupokea "bado" ya mama bila kununa ameonyesha moyo wa mrithi.

NENO LA MWISHO

Tumtazame Bwana wetu msalabani, Yohana 19. Hakuwa na nyumba ya kumwachia mama yake. Hata nguo zake askari walikuwa wamegawana, na kanzu wakaipigia kura. Lakini katikati ya maumivu yale alimwangalia mama yake, akamwangalia mwanafunzi aliyempenda, akawakabidhi wao kwa wao. Na toka saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake. Alifanya hivyo mchana, mbele ya watu, angali na pumzi ya kusema.

Wengine wetu tuna hatimiliki tatu na hatujawahi kukaa na wazazi wetu tukawauliza, "Mama, unaogopa nini? Baba, ungependa kuzeekea wapi?" Wiki hii, kabla ya kuuliza hati iko wapi, tuulize hilo. Na wazazi, kabla ya kuuliza nani anastahili, waiteni wote mezani.

Tuombe. Baba yetu, paa tulilo nalo ni lako. Wape wazazi wetu ujasiri wa kusema mapema na wazi. Utupe sisi watoto subira ya kungoja na mikono ya kutunza. Mahali ambapo tayari kuna kesi kati ya ndugu, fungua njia ya wao kuketi pamoja tena. Katika jina la Yesu. Amina.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
1. Taja sharti moja ambalo mzazi anaweza kuweka ili kulinda, na moja ambalo ni la kutawala. Umejuaje tofauti?
2. Katika familia yenu, nani hajawahi kuulizwa maoni yake kuhusu nyumba au shamba?
3. Mtoto aliyebaki na wazazi apewe zaidi? Kwa nini ndiyo, au kwa nini hapana?